Maiti Aliyeoshwa kwa Maji

Ipo nchi inayoitwa Manyoyani. Anayetaka kujua njia ya kufika huko asijisumbue kuuliza, maana hata Machano aliyefika hakuweza kuieleza. Alichokumbuka ni kwamba alitoka kwake asubuhi, miezi michache baada ya kumzika mkewe Mize, akatembea kwa sababu kukaa kulikuwa kumemshinda, na mbele yake ukasimama ukuta mweupe wenye lango moja.

Kwao Machano alikuwa fundi wa kuwamba vitanda vya kamba. Mize alipofariki, watu walimhimiza apumzike. Alikuwa amepokea wageni, amewashukuru, ameviringisha mikeka, amerudisha masufuria ya majirani kila moja kwa mwenyewe, na katika shughuli zote hizo kilio hakikupata nafasi. Baadaye nafasi ilipopatikana, kilio hakikuja.

Nje ya lango, juu ya mchanga, alikuwa amelala kunguru mfu. Wenzake walikuwa wamemzunguka, wengine chini na wengine juu ya ukuta, wakipiga kelele za kuumiza masikio. Kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. Walikaa kitambo wakimtazama mwenzao, halafu wakaruka mmoja mmoja, bila haraka.

"Hawana adabu hata kidogo," ilisema sauti. "Wanalia hadharani bila kitambaa."

Msemaji alikuwa afisa wa lango, mtu wa makamo aliyevaa manyoya meupe yaliyoshonwa tangu mabegani hadi magotini. Jina lake Vuai.

"Haya, bwana. Ndege au mnyama?"

"Nani?"

"Wewe. Anayeingia hapa ni ndege au ni mnyama. Hakuna wa tatu."

"Mimi mtu," alisema Machano.

"Mtu ana manyoya?"

"Hana."

"Mama yako alikunyonyesha?"

"Alininyonyesha."

"Basi umejisemea mwenyewe. Usione vibaya, wapo wanyama waungwana sana. Nilikuwa na paka mimi." Akamshika mkono na kumpapasa mpaka kwenye kiwiko, kuhakikisha. "Mnyama mgeni. Utapita kando ya mtaro, na hutasema mbele ya ndege mpaka uulizwe ulikotoka. Pa kulala unapo? Huna. Nenda kwa rafiki yangu Mzee Shaame, nyumba ya mwisho. Anaumwa, lakini anapenda wageni. Mwambie Vuai atakuja kesho jioni kumfunga bao, na asijifanye amelala."

Katika nchi ya Manyoyani elimu yote ilikuwa na mzizi mmoja. Wahenga wao walikaa wakauliza ni nini kinachomtenga ndege na viumbe wengine. Wakaona kuruka si hoja, kwa kuwa popo huruka na panzi huruka, na kuku haruki umbali wa kutajika. Kutaga mayai nako si hoja, kwa kuwa kobe hutaga na nyoka hutaga. Mwisho wakafika kwenye manyoya ya mbawa, si ya kondoo wala ya paka, ambayo wao huyaita nywele, wakatazama duniani kote wasione kiumbe mwingine mwenye nayo. Hapo walipatia, na wangeishia hapo pasingekuwa na tatizo. Lakini wajukuu wao waliendelea. Walisema, kama manyoya ndiyo yanayomfanya ndege awe ndege, basi mtu akiyavaa huwa ndege. Na ndege ni bora kuliko mnyama kwa sababu humtazama kwa juu.

Tangu siku hiyo wenye manyoya hupita katikati ya barabara na kuulizwa maoni yao. Wasio nayo hupita kando na kuulizwa walikotoka. Mtu akishashonewa manyoya ya utu uzima hayavui tena, hata kaburini, kwa sababu kumvua ni kumshusha daraja. Na kwa kuwa ndege hujisafisha kwa kugaagaa vumbini, maji yameachiwa wanyama. Kila barabara kubwa ina paa. Wingu likionekana, maduka hufungwa.

Jambo moja Machano alilifahamu asubuhi ya kwanza bila kuambiwa. Ndege wa kweli walikwisha kuhama zamani, wakikimbia kunyonyolewa. Waliobaki walikuwa kunguru peke yao, na kunguru hudondosha manyoya popote. Alfajiri milango yote ilifungwa, na ndani ya kila nyumba ikasikika sauti ya brashi ikipita juu ya kitu, taratibu, pamoja na harufu ya chokaa. Milango ilipofunguliwa, watu walitoka weupe. Kunguru mwenyewe, kwa mujibu wa sheria, hakuwa ndege. Alitajwa katika sura ya kero, kati ya moshi na inzi.

Asubuhi hiyo hiyo Mzee Shaame alikuwa amelala kitandani, mwembamba, akijikuna. Mkewe Bi Raya alikuwa akimpaka chokaa pale ilipobanduka.

"Mwache mgeni aone," Mzee Shaame alimwambia mkewe alipotaka kuficha brashi. "Mnyama huyu hana wa kumsengenyea. Bwana Machano, unajua chokaa inavyowasha? Nimewashwa tangu nilipobalehe."

"Usimsikilize," alisema Bi Raya. "Analalamika tangu nilipoolewa."

"Na wewe unanipaka tangu ulipoolewa. Ningepata mke mvivu ningepona."

Machano aliikaza kamba ya kitanda iliyolegea, kwa kuwa mikono yake haikuweza kuona kamba imelegea ikaiacha. Jioni Vuai alikuja na bao, akafungwa, akasema mgonjwa ameiba kete, akaondoka akicheka. Alipokwisha kutoka, Mzee Shaame alimshika mkewe mkono.

"Raya, nina maneno mawili. Nizikwe kilimani, ubavuni pa Salme."

Salme alikuwa binti yao, aliyefariki mdogo. Alizikwa katika Kilima cha Ndege, na Mzee Shaame alikuwa ameacha kando yake nafasi ya mtu mmoja, upande wa kulia.

"Hilo halina shaka," alisema Bi Raya.

"La pili, msinipanguse. Niogesheni. Kwa maji."

Huko maiti hupanguswa kwa kitambaa kikavu, tena kwa tahadhari. Hata machozi yana sheria yake: mfiwa hufungwa kitambaa kinene chini ya kidevu, kiitwacho kingachozi, ili tone lisifike kifuani.

Mzee Shaame alifariki siku iliyofuata, kabla ya jua kupanda, brashi za mtaa zikiwa bado zinasikika.

Bi Raya alikaa ubavuni pake muda mrefu na kitambaa kikavu mkononi. Kisha akamgeukia Machano.

"Kwenu mnawaosha?"

"Tunawaosha."

"Wewe umewahi?"

"Nilimwosha mke wangu."

"Basi nifundishe. Hapa hakuna anayejua."

Machano alichota maji ya mtaro wa wanyama, akayachuja kwa kanga, akayapasha moto kidogo kwa kuwa asubuhi ilikuwa na baridi. Hilo la kuyapasha moto halikuwa na maana, na hata kwa Mize alilifanya. Alimwonyesha Bi Raya aanze upande wa kulia, amwage kwa kiganja asimwage kwa kishindo, aegemeze kichwa cha marehemu kwenye mkono wake kama anavyoegemezwa mtoto. Manyoya hawakuyavua, kwa kuwa Bi Raya hakukubali. Walimwaga maji juu yake. Chokaa ikaanza kuteremka, nyeupe kama maziwa, ikapita sakafuni ikatoka mlangoni. Walipomaliza, Mzee Shaame alikuwa mweusi tangu mabegani hadi magotini, weusi wenye bluu ndani yake na kijani kwa mbali, ukibadilika kila mwanga wa dirisha ulipougusa.

Bi Raya aliweka mkono mdomoni.

"Mbona mzuri hivi?" alisema. "Miaka yote hii nimekuwa nampaka."

Majirani waliokuja kupangusa waliiona ile nyeupe mlangoni, wakachungulia, wakarudi nyuma. Habari ilifika Barazani kabla ya uji.

Baraza la Mabawa lilikaa mchana ule ule, maana maiti asiyezikwa kabla ya jua kuzama hutolewa nje ya ukuta bila kuuliza. Jeneza liliwekwa mlangoni pa ukumbi, kwa kuwa wajumbe hawakutaka liingie. Machano alisimama kando ya mtaro, palipomhusu. Juu ya paa walikuwa wameanza kutua kunguru.

Spika alikuwa Mheshimiwa Ngwali, mzee mnene mwenye sauti ya upole. "Mtaalamu atueleze," alisema. "Ndege ni nini?"

Bwana Mtumweni, mtaalamu wa manyoya, alisimama. "Ndege ni kiumbe mwenye manyoya, Mheshimiwa Spika."

"Marehemu anayo?"

"Anayo."

"Basi tumzike. Kuna lingine?"

"Ni meusi, Mheshimiwa."

Mjumbe mmoja mzee, Bi Tufaha, aliyekaa karibu na dirisha, akasema, "Sheria haikutaja rangi."

"Haikutaja kwa sababu ya heshima," alijibu Bwana Mtumweni. "Nyoya jeusi, kwa maumbile yake, si nyoya. Ni nywele iliyopotea njia."

"Na kunguru je?"

"Kunguru ni nywele nyingi zilizopotea njia kwa pamoja."

Wajumbe walipiga makofi.

"Mbona kunguru shingoni ana kijivu?" aliuliza Bi Tufaha.

"Alianza kuwa ndege, akaishia shingoni."

Makofi yakaongezeka. Bi Raya, aliyekuwa amesimama kando ya jeneza, akauliza kwa sauti ambayo haikuwa kubwa, "Bwana Mtumweni, na wewe hayo yako umeyapata kwa ndege gani?"

Wajumbe walitazama dari, na mmoja alifuta kitu begani ambacho hakikuwapo.

"Swali hilo," alisema Spika kwa upole, "limepangwa kujadiliwa mwaka ujao."

"Hata mwaka jana lilipangwa mwaka ujao."

"Na ratiba haijabadilika, dada yangu. Nani alileta maji?"

"Mimi," alisema Machano kutoka mtaroni.

Karani aliruka. "Mnyama hasemi mpaka aulizwe alikotoka!"

"Aulizwe basi," alisema Spika. "Umetoka wapi?"

"Nimetoka kumzika mke wangu."

Lilikuwa jibu ambalo sheria haikulitarajia. "Na huko kwenu mnawaosha maiti kwa sababu gani?" aliuliza Spika.

Machano hakuwahi kuulizwa jambo hilo. Alifikiri, na wote wakamsubiri, hata karani.

"Ni mara ya mwisho kuwagusa," alisema. "Hatupendi iishe haraka."

Bi Tufaha aligeuza uso dirishani. Lakini mjadala uliendelea, ukazunguka, ukarudi kwenye nywele zilizopotea njia, na jua lilipoanza kuinama Spika akasoma uamuzi. Marehemu alikuwa kunguru. Kilima ni cha ndege. Kunguru azikwe nje ya ukuta, na azikwe na kunguru wenzake. Atakayeshika jeneza atakuwa amejitangaza kunguru kwa mkono wake mwenyewe. Baraza halikuwa na pingamizi kwa kunguru kubebana.

"Jeneza hubebwa na wanne," alisema Bwana Mtumweni. "Wako wapi?"

Bi Raya alishika mguu mmoja wa jeneza. "Kunguru wa kwanza huyu hapa."

Machano alitoka mtaroni, akashika mguu wa pili.

"Huyo hawezi!" alisema karani. "Huyo mnyama, si kunguru!"

"Nani kakwambia?"

Aliyesema hivyo alikuwa Vuai. Alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo, kingachozi kikiwa kimebana chini ya kidevu chake, na hakuna aliyemtazama kwa kuwa hakuna anayemtazama afisa wa lango.

"Kunguru si ndege, ndivyo mlivyoamua sasa hivi," alisema. "Na asiyekuwa ndege ni mnyama. Nimekaa langoni miaka yangu yote, nawaambia watu hakuna wa tatu. Kama kunguru ni mnyama, mnyama huyu atabeba mnyama mwenzake. Mkitaka kubadilisha, badilisheni, lakini mniambie na mimi niwaambie nini wageni."

Bwana Mtumweni akaketi.

Vuai alifungua fundo la kingachozi chake. Lilikuwa limekazwa sana, likamchukua muda. "Jana alinifunga," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. "Nikasema kaiba kete. Hakuiba." Machozi yalimshuka mpaka kifuani, na kila yalipopita yaliacha mstari mweusi. Akashika mguu wa tatu.

Wa nne hakutokea. Wakanyanyua hivyo hivyo, upande mmoja umeinama, Machano akijitahidi kuweka bega lake katikati ili maiti asiteleze. Walikwenda kwa shida. Kwenye kona ya soko alihisi uzito umepungua. Mtu alikuwa ameushika mguu wa nne. Machano hakugeuka kumtazama, kwa kuwa mbebaji hageuki; aliona mkono tu, mkono wa mzee, wenye manyoya meupe mpaka kwenye kifundo, na juu ya manyoya hayo tone moja jeusi, kisha la pili.

Mbele ya soko njia iligawanyika. Kushoto ilikwenda langoni, nje ya ukuta. Kulia ilipanda Kilimani. Bi Raya, aliyekuwa mbele, alikwenda kulia.

Nyuma yao palikuwa na hatua za watu. Mwanzoni zilikuwa za wachache. Waliotoka kuchungulia jinsi kunguru wanavyobebana walijikuta wakifuata. Kila mmoja alikuwa na wake kilimani, aliyepanguswa kwa kitambaa kikavu na kuliliwa kwa kipimo. Mwanamke mmoja alifungua kingachozi chake akakitia mfukoni. Wa pembeni yake akamtazama, akafungua chake. Halikuwa jambo la ushujaa, lilikuwa kama watu waliokaa muda mrefu na viatu vinavyobana. Waliwalilia waliokuwa wamewaahirisha: mama, mtoto, ndugu aliyekufa kiangazi, na Mzee Shaame pia, aliyekuwa mcheshi na aliyekuwa akiiba kete kweli, kila mtu alijua isipokuwa Vuai.

Machano naye alilia. Alimlilia Mize, njiani, bega lake likiwa chini ya mti wa jeneza la mtu mwingine. Machozi yake hayakuacha alama, kwa kuwa hakuwa na chokaa.

Mlinzi wa Kilima alisimama mlangoni na funguo. Spika na wajumbe walikuwa wamekuja kwa njia ya mkato, na sasa walisimama naye wakihema.

"Mheshimiwa," alisema mlinzi, "amri yangu ni kuwafungulia ndege tu. Hawa ni ndege au ni kunguru?"

Spika Ngwali aliwatazama watu wake. Walikuwa wamejaa njia yote mpaka chini sokoni, na vifua vyao vilikuwa na michirizi, wengine miwili, wengine vifua vizima. Akatazama jeneza. Aliyeshika mguu wa nne alikuwa Bi Tufaha.

Kama angesema hawa ni ndege, maiti naye ni ndege. Kama angesema ni kunguru, nchi nzima ingekuwa imebaki na ndege saba waliosimama hapo, na yeye angekuwa Spika wao. Alilifikiria hilo, na wote waliona akilifikiria.

"Fungua," alisema. "Jua linazama."

Mzee Shaame alizikwa ubavuni pa Salme, upande wa kulia, katika nafasi aliyoachiwa na mkono wake mwenyewe. Kunguru walikuwa wametua juu ya ukuta wa Kilima, wengi, wakipiga kelele wakati udongo ukishushwa. Udongo ulipotimia walinyamaza kwa pamoja. Watu nao walinyamaza. Walikaa hivyo kitambo, wa juu na wa chini, halafu kunguru wakaruka mmoja mmoja, na watu wakateremka mmoja mmoja.

Isidhaniwe kwamba Manyoyani iligeuka. Alfajiri brashi zilisikika tena. Baraza lilikutana na kuazimia kwamba weusi ulioonekana jana yake ulikuwa kivuli cha wingu, na Bwana Mtumweni akaeleza kwa kirefu jinsi kivuli kinavyoweza kushika kwenye nyoya na kubaki mpaka usiku. Makofi yalipigwa, ingawa Bi Tufaha alikuwa akijikuna.

Katika nyumba ya mwisho hapakusikika brashi. Bi Raya alikuwa ameketi barazani, mweupe bado, lakini hakuongeza chokaa. Pale ilipobanduka aliiacha. Alimpa Machano mkate wa njiani na kumwambia, "Ukifika, mwambie mkeo tumemshukuru." Hakusema kwa mzaha, na Machano hakulipokea kwa mzaha.

Langoni Vuai alikuwa kazini. Alikuwa amepakwa upya, safi kabisa, isipokuwa shingoni, ambako palikuwa na kijivu.

"Chokaa imekuishia?" aliuliza Machano.

"Haijaisha."

Sheria ilitaka anayetoka aulizwe kama anayeingia, na Vuai alikuwa mtu wa kazi yake. Alijinyoosha, akakohoa.

"Haya, bwana. Ndege au mnyama?"

"Mfiwa," alisema Machano.

Vuai alimtazama. Aligusa ile sehemu ya shingoni kwa vidole viwili, kama mtu anayehakikisha kwamba kitu bado kipo.

"Nao wapo," alisema, akamfungulia lango.